Maji Ambayo Sikuyaonja

Sina desturi ya kuandika nilichosimuliwa. Katika miaka yangu yote ya ualimu niliwakataza wanafunzi kuanza sentensi kwa "inasemekana", na aliyekaidi nilimrudishia daftari lake. Tabia hiyo iliniletea heshima. Mara moja iliwaletea watu wengine hasara, na hasara hiyo ndiyo ninayoiandika hapa.

Mwishoni mwa miaka ya themanini, Chuo Kikuu kimoja kilifungua kituo cha utafiti wa miti kusini ya mji wa Kilifi, si mbali na bahari. Neno uendelevu halikuwa bado limeingia vinywani mwa watu. Walisema "kuhifadhi mazingira kwa ajili ya vizazi vijavyo". Nia ilikuwa njema, na sijaacha kuamini hivyo. Walipanda mivinje na miarubaini kwa safu zilizonyooka, na kwa kuwa mvua ilikuwa haba, walichimba kisima kirefu wakatia mashine ya kuvuta maji. Miche ilishika. Wageni wakawa wanaletwa kuitazama, na Chuo kikaamua kupanua shamba na kutia mashine ya pili.

Kabla ya hapo bodi ilitaka kujua majirani wanaionaje kazi hiyo. Mimi nilikuwa nikifundisha jiografia Malindi, na shule zilikuwa zimefungwa. Mhadhiri aliyesimamia kituo, mtu mpole mwenye bidii, aliniajiri nipite na hojaji nyumba kwa nyumba. Maagizo yake yalikuwa wazi: majirani wasiporidhika, mashine ya pili haitatiwa, mjibu awe mwenye nyumba, na uvumi usiandikwe. Hilo la mwisho lilinipendeza mno.

Ilikuwa Ramadhani, na kaskazi ilikuwa imekwisha bila masika kuanza. Nilipita kwa miguu, nimefunga, karatasi kwapani. Kila mlango nilipewa kiti na kila mzee aliniambia Chuo ni watu wema. Niliandika walivyosema.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee mmoja wa Kigiriama aliyepakana na ua wa kituo. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniuliza hali ya Malindi na ya wazazi wangu. Nilipomsomea swali la maji, alisema kwamba Chuo ni mgeni wao, na maji ni ya Mungu, na yeye hana neno. Niliandika: hana malalamiko.

Mkewe alikuwa akipepeta mahindi barazani. Hakuinua macho.

"Ana neno," alisema. "Ila mgeni hasimangwi mbele ya mjumbe wake. Kisima chetu kimeingia chumvi, Mwalimu. Tangu mashine ile ianze kunguruma."

Nilimwuliza amejuaje kwamba sababu ni mashine. Akasema wanawake wote wa pale wanajua. Nilimweleza kwamba hiyo si hoja. Tulikwenda hadi kisimani, na ndoo ikapanda na tope tupu. Maji, alisema, hujikusanya magharibi, mashine inapozimwa. Tuliporudi alitoa chupa iliyofungwa kwa gunzi la hindi.

"Haya ni ya jana. Onja."

"Nimefunga, mama."

"Najua umefunga. Na sisi tumefunga, ila kwetu hakuna anayetuadhinia." Mzee alimkaripia kwa Kigiriama, naye akaendelea kana kwamba hakusikia. "Basi nenda nayo. Ukifuturu, futuru kwayo, kisha uandike."

Naikumbuka chupa ile kuliko nyuso za watu wengi niliowazika. Nilikataa kuipokea. Nilimwambia kwamba sikuyaona yakitekwa, na kwamba siwezi kuapa juu ya maji yaliyotiwa chupani nami sipo. Lori la kituo lilikuwa linaningoja barabarani, na kusubiri hadi magharibi kungenikosesha futari nyumbani kwangu. Hili la pili sikumwambia.

Aliirudisha chupa penye kivuli. "Wewe ni mtu wa haki sana," alisema, na mzee akacheka kidogo ili lisibaki kuwa tusi.

Pambizoni mwa karatasi niliandika kwamba madai ya chumvi hayakuthibitishwa. Mhadhiri alipoyapanga majibu, pambizo haikuwa na safu yake.

Baada ya Idi, nafsi ilikuwa haijatulia. Nilirudi peke yangu, nikakaa kisimani hadi mashine iliponyamaza, nikateka kwa mkono wangu. Sikuweza kumeza funda la kwanza. Nilijaza chupa mbili, nikateka pia kwenye kisima cha jirani wa mbali ili nilinganishe, kwani mtu hathibitishi kwa kisima kimoja. Cha mbali kilikuwa kitamu. Niliandika barua ya kurasa tatu nikaipeleka kituoni na chupa zote.

Mhadhiri aliisoma mara mbili. Alionja, akafumba macho.

"Mwalimu, barua hii inapinga hojaji yako mwenyewe. Nimwambie nani nini?"

Nikamwambia aiamini barua.

"Mimi naiamini," alisema. "Lakini bodi imekwisha kusoma ile nyingine. Bomba la mashine ya pili limefika jana."

Alijaribu, simdhulumu. Aliandika barua zake, na jibu likaja kwamba suala la maji litachunguzwa katika awamu itakayofuata. Mashine ya pili iliwashwa kabla ya mvua. Hata masika yalipokuja, kisima cha mzee hakikurejea.

Niliposikia kwamba wanahama sikuamini, kwa sababu nilisikia tu. Nilikwenda. Nilikuta wameng'oa milango na boriti, wamevipakia kwenye mkokoteni wa kuvifikisha barabarani, waende kwa ndugu zake mama ng'ambo ya Marafa, ambako maji ni mbali lakini ni maji. Makaburi ya baba zake mzee yalibaki nyuma ya nyumba, na alikuwa ameyafagia asubuhi ile.

Nilimwomba radhi mama. Alinijibu kwamba mvua ya vuli ya kupandia imekaribia na hawana siku ya kupoteza, akamfunga kuku miguu. Mzee ndiye aliyenisindikiza hadi penye ua wa kituo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wasalimie Chuoni," alisema. "Waambie tumekaa nao vizuri."

Nilizifikisha salamu, maana ni amana. Mhadhiri, kwa sauti ya mtu anayeona haya, aliniuliza kama maneno hayo yanaweza kutiwa katika ripoti, mahali pa maoni ya majirani. Nilimwambia yatiwe akipenda, lakini jina langu liondolewe kwenye jalada la ripoti.

Aliliondoa. Maneno aliyatia.