Kazi Yangu ya Kuchana Mbwa

Siku ya kwanza nilikwenda na gauni jeusi, kwa sababu sikujua naitiwa nini. Wakati huo nilikuwa msusi, na mmoja wa wateja wangu alikuwa mama wa makamo aliyeishi mtaa wa Kimandolu, mhasibu mkuu wa kiwanda. Tulimwita Mama Mhasibu. Nilidhani anataka kusukwa kama kawaida. Badala yake alinipeleka barazani, akanionyesha jibwa jeupe limejilaza chini, na manyoya yametapakaa kila kona kama mtu amepasua mto wa sufi.

"Wewe unanifumua siumii," akaniambia. "Mjaribu na huyu."

"Mama, mimi nasuka watu."

"Najua. Anza na shingo, hapo ndipo anapopenda."

Nikaanza na shingo. Jua lilipofika utosini gauni langu lilikuwa jeupe, na mbwa amelala kidevu kikiwa juu ya mguu wangu. Mama Mhasibu akaniuliza nitarudi lini. Nikamjibu, wiki ijayo, na nitavaa nguo nyingine.

Niwaeleze ninyi vijana kazi yenyewe. Mbwa wa aina hii ana manyoya ya tabaka mbili. Ya juu ni marefu na magumu, hayo yanazuia jua na mvua. Ya chini ni laini na mazito, hayo yanatunza joto la mwili. Haya ya chini ndiyo yanayopukutika, na yakishakufa bila kutolewa hujisokota yakawa mafundo. Ukipitisha brashi juu juu, mbwa atang'aa na ndani bado ameoza. Kwa hiyo unagawa manyoya mstari kwa mstari mpaka uone ngozi, kama msusi anavyogawa nywele, kisha unachana kutoka kwenye ngozi kwenda nje. Fundo hulivuti. Unalishika shinani kwa vidole ili ngozi isivutike, unalifungua kuanzia ncha. Baada ya hapo inapita reki, yaani chanuo lenye meno marefu yaliyoachana, ambalo huzamia chini na kuleta juu kila kilichokufa.

Mama Mhasibu ndiye aliyenipeleka kwa Kanali, mwanajeshi mstaafu mwenye shamba juu ya kijiji cha Maji ya Chai. Alifuga mbwa wakubwa wa ulinzi, wale watu wanaowaita mbwa wa polisi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja ya joto kali nilimwona mbwa mmoja anahema ulimi nje, nikasema, "Mzee, kwa nini tusiwanyoe tu?"

Kanali akaweka kikombe chini. "Mama Anaeli, jua likikuwakia shambani unavua kofia?"

"Hapana, mzee."

"Basi mwachie na yeye ya kwake. Toa kilichokufa, kilicho hai usikiguse."

Ndipo akanifundisha kwamba yale ya chini yakishatolewa hewa hupita hadi kwenye ngozi, na kwamba mbwa wa namna hiyo akinyolewa, manyoya yanaweza kurudi mabovu, yenye mabaka. Tangu siku hiyo sikunyoa mbwa wa tabaka mbili hata mmoja. Meneja mmoja wa utalii kule Njiro alitaka nimwogeshe wake kwanza ndipo nimchane, ili nimalize upesi. Nikamwambia fundo likilowa linakaza kama kamba, na baridi ya mwezi wa saba manyoya ya chini hayakauki, ngozi inafanya vidonda. Akasema yeye ndiye bosi. Nikafunga mkoba wangu nikaondoka.

Kumwacha bosi hakukuniumiza. Walioniumiza ni watu wa nyumbani. Kaka mkubwa wa mume wangu, mzee wa kanisa aliyeishi Lemara, aliitisha kikao cha ukoo. Mume wangu alikaa ameinamisha kichwa.

"Mke wetu anaosha mbwa," shemeji akasema. "Watu wananiuliza njiani. Kipaimara cha Anaeli kinakuja. Aache kazi hiyo, au siku ya sherehe asiguse chakula cha wageni."

"Sitaacha," nikasema. "Na chakula cha mwanangu nitapakua mwenyewe."

Siku ilifika. Nilikuwa nimepika loshoro ya mahindi na maziwa mgando, na machalari ya ndizi na nyama, tangu alfajiri. Wageni walipopanga mstari, wanawake wawili wa jumuiya walikuja taratibu. Mmoja akanishika mkono, mwingine akaniondolea upawa. "Pumzika, mama," wakaniambia, lakini macho yao yalikuwa kwa shemeji. Mwanangu alikuwa amesimama na suti yake mpya, akiniangalia.

Nikaurudisha upawa mkononi mwangu. Nikasema, wote wasikie: "Ng'ombe aliyeko kwenye hili sufuria amenunuliwa na mbwa. Suti ya Anaeli imenunuliwa na mbwa. Anayeona mikono yangu michafu, njia ya kurudi kwao anaijua."

Hakuna aliyesogea. Kisha mama mkwe, ambaye Kiswahili alikisema kwa nadra, akainuka na fimbo yake. Akapita mbele ya mwanawe mkubwa bila kumtazama, akanyoosha sahani. Akaniambia kwa Kimeru, "Nipakulie. Nina njaa."

Nikampakulia, na nyuma yake mstari ukaanza kutembea. Shemeji aliondoka bila kula. Hatukupatana mpaka alipofariki, na sitawadanganya kwamba nilikwenda kumbembeleza. Mume wangu jioni ile aliosha masufuria yote peke yake.

Nimestaafu kwa sababu vidole havikunjiki tena. Nakaa kibarazani, mawingu yakipanda nautazama mlima, yakishuka nasikiliza redio. Mwaka huu tulimuaga kitinda mimba wetu kwa sherehe ukumbini, anaolewa. Kabla ya kututambulisha, mshereheshaji alinijia na tabasamu, akaniinamia sikioni.

"Shikamoo mama. Kwenye utambulisho tuseme ulikuwa mjasiriamali, au mtaalamu wa mifugo? Ukweni wamekuja watu wazito."

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Nipe hicho kipaza sauti."

Nikasimama nacho. Wakwe walikuwa meza ya mbele, binti yangu juu jukwaani na maua yake. Nikawasalimu wote kwa heshima zao. Kisha nikasema, "Mimi ni mama yake bibi harusi. Nilikuwa nachana mbwa." Nikamrudishia kijana kipaza sauti chake, nikakaa.