Wifi Yangu na Mkanda wa Jeshi

Wifi yangu, dada ya mume wangu, alinikuta chumbani kwetu, mtaa wa Tena, nimeinua blauzi, najipaka dawa. Malengelenge yalikuwa yamenizunguka ubavu wa kushoto, kutoka mgongoni hadi chini ya titi, na yaliwaka kama nimemwagiwa mafuta moto. Alisimama mlangoni akatazama, kisha akaondoka. Hata pole hakunipa.

Chama chetu cha akiba cha wanawake kilipokutana tena, hakuna mwanamke aliyetaka kukaa karibu nami. Jirani ndiye aliyeniambia sababu.

"Wifi yako anasema huo ni mkanda wa jeshi, na ati mkanda wa jeshi ni ukimwi tu. Anasema utamuua ndugu yake."

Nilikuwa nimeshapimwa ukimwi, na sikuwa nao. Hata ningekuwa nao, halikuwa lake kutangaza. Malengelenge yalikauka, lakini maumivu yalikaa miezi. Shuka likinigusa tu, nasaga meno. Kila yaliponichoma nilimfikiria yeye.

Sikumtukana. Nilisubiri zamu yangu ya kukaribisha chama, nikapika chapati na maharagwe, nikamwalika muuguzi aliyenitibu. Wifi nikamkalisha mbele kabisa.

Muuguzi aliuliza ni nani waliougua tetekuwanga utotoni. Karibu wote walikuwa wameugua, na wifi pia.

"Basi virusi vyake bado mnavyo," akasema. "Vimelala kwenye mishipa ya fahamu. Umri ukisonga, au kinga ikipungua kwa sababu yoyote ile, vinaweza kuamka, na huo ndio mkanda wa jeshi. Ukimwi ni sababu moja tu kati ya nyingi. Iko chanjo ya waliotimiza miaka hamsini, sindano mbili. Hata aliyewahi kuugua huchanjwa akishapona."

Nikamgeukia wifi. "Sasa rudia hapa yale uliyowaambia hawa."

Aliinamia sahani yake. Nikamngoja. Hakuna aliyemwokoa, na hilo lilinishibisha kuliko chakula.

Baadaye alinifuata jikoni. "Wifi, nisindikize nikachanjwe. Naogopa huu ugonjwa."

"Kliniki unaijua," nikamwambia, nikaendelea kufunika sufuria.

Alienda peke yake. Mimi pia nimechanjwa. Mume wangu huniomba nimsamehe dada yake, akisema yameshapita. Namjibu kwamba ubavu ulikuwa wangu, na siku ya kusamehe nitaichagua mwenyewe.