Vitofali Vitatu Ndani ya Pipa

Mtaa mzima ulimwita Bi Chekeche, na jina hilo alilitolea jasho. Miaka nenda miaka rudi alikaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, vumbi hadi kwenye nyusi, akichekecha. Majengo ya zamani yalipobomolewa, mumewe, fundi zege, alileta kifusi kwa toroli. Wakakigonga kwa nyundo wote wawili hadi kikawa kokoto. Mikono ya mama huyu haikuwahi kuwa laini tangu aolewe, na aliyemcheka alijibiwa papo hapo.

Kokoto za kifusi zina ila yake. Zimegandwa na saruji kuukuu, zinakunywa maji bila kushiba, na zege lake hutoka dhaifu. Mafundi wote walilijua hilo wakaliacha kama lilivyo. Mumewe hakuliacha. Alianza kutwanga matofali ya kuchoma yaliyovunjika, akitaka unga laini kabisa wa kuchanganya na saruji, uzibe vitundu vidogo vinavyolidhoofisha zege. Chekeche ya waya ikawa haifai. Siku moja mkewe akakuta mtandio wake wa harusi umewambwa kwenye fremu ya dirisha.

"Baba, huo si mtandio wangu?"

"Ndio wenyewe. Nimetafuta nyumba nzima, hakuna kitambaa chenye nyuzi za karibu hivyo."

"Nimeolewa na kichaa mimi," akasema, kisha akaishika fremu akaanza kuitikisa. Alimpenda mno, na hakuwa na njia nyingine ya kumwambia.

Ikatokea mkandarasi mmoja anajenga madarasa. Akaahidi kwamba zege lao likifaulu kipimo, linta zote, zile boriti za zege za juu ya madirisha, atachukua kwao. Fundi akamimina vitofali sita vya kupimia, akaandika tarehe kwa msumari juu ya kila kimoja kabla hakijakauka, kama alivyofanya kwa kila alichomimina maishani, akavizamisha kwenye pipa la maji uani. Siku ya saba mkandarasi akaja mbio mbio, hataki kusikia habari ya kusubiri.

"Zege zuri linajionyesha mapema," alisema. "Lete vitatu tukapime."

Mashine ya maabara ilivisaga kabla mshale haujafika nusu ya kiwango. Mkandarasi akageukia vibarua wake, akacheka hadi akashika mbavu. "Fundi, hapa umetupikia uji!"

Jioni ile fundi alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Bado vitatu pipani. Unga huu unafanya kazi polepole, nauona. Tusubiri kidogo."

Bi Chekeche alikuwepo kule maabara, na kile kicheko alikuwa bado anakisikia. "Tusubiri nini zaidi ya aibu? Achana na hayo mambo. Katafute kibarua kama wanaume wenzako."

Fundi alilifunika pipa, na kesho yake akaenda kukoroga zege la watu kwa ujira wa siku. Alikoroga miaka kumi na mmoja, hakutamka neno unga tena, hata alipougua kifua, hata siku ya mwisho. Mkewe alimuuguza vizuri, majirani wote ni mashahidi. Ila yale maneno, wanaume wenzako, hayakumtoka moyoni, na sasa hakuwa na wa kumwomba radhi.

Mwezi wa tatu wa ujane wake akataka kulisogeza pipa, ambalo tangu wakati ule lilifunuliwa tu kukinga maji ya mvua. Likagoma. Akaliinamisha kwa bega, maji yakamwagika, akaona chini vitofali vitatu vimeota ukungu wa kijani. Akachukua brashi ya kufulia, akasugua. Tarehe ikatokea, mwandiko ule ule wa kulalia kushoto. Akaketi kwenye matope akalia kilio ambacho hakukilia hata msibani.

Alivisukuma kwa toroli mwenyewe hadi maabara. Mpimaji alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, aliyesoma ile tarehe mara mbili.

"Mama, hivi vina miaka kumi na mmoja?"

"Tarehe hiyo hapo. Hakuwahi kuandika tarehe ya uongo."

Mashine ikaanza kuguna. Mshale ukafika kwenye kiwango, ukakipita, ukaendelea kupanda. Kitofali kilipolia na kupasuka, mpimaji alivua miwani. Cha pili kikazidi kidogo.

"Nani alikuwa na haraka ya kuvipima siku ya saba?" aliuliza alipokwisha kusimuliwa. "Siku ya saba unga wa matofali haujaanza hata kazi. Sisi tunasubiri siku ishirini na nane, na mchanganyiko wa namna hii hata tisini. Kukaa majini miaka yote hiyo kumesaidia, sikudanganyi. Lakini zege bovu haliponi kwa kulowekwa."

"Kwa hiyo tungesubiri, lingefaulu?"

Mpimaji akavaa miwani yake tena. "Lingefaulu, mama. Mzee alikuwa sahihi."

Akanyoosha mkono kuchukua cha tatu. Bi Chekeche akakikumbatia. "Hiki hapana, mwanangu. Hiki kina mwenyewe."

Nyumbani alikiweka juu ya ndoo yake, yeye akakaa chini. "Nilikuharakisha, baba," alikiambia. "Ulikuwa sahihi, na mimi nikawa upande wa waliokucheka. Nisamehe."

Asubuhi akaishusha ile fremu ukutani, akautia mtandio kiraka, akatwanga matofali, akachekecha. Alimimina vitofali sita, akaandika tarehe kwa msumari wa marehemu, akavizamisha pipani pamoja na kile cha zamani. Siku ya saba alipita karibu na pipa mara nyingi, akifagia pasipo na taka, na mfuniko hakuugusa.