Moyo wa Shemeji Kimaro

Nilikwenda Sydney kwa sababu waandaaji wa mkutano wa madaktari wa moyo walinilipia tiketi. Nisijidai kwamba kiu ya elimu ndiyo iliyonipeleka. Miaka ile ya elfu mbili ikianza, sisi mabingwa wa moyo Tanzania tungeenea meza moja ya harusi, na wao walitaka uso wa Kiafrika kwenye picha yao.

Uwanja wa ndege nilipokewa na Neema, binti wa mama yangu mdogo, pamoja na mumewe Kimaro, karani wa benki katikati ya jiji. Kabla hata ya kuniuliza habari za safari, Kimaro alianza:

"Shemeji, sasa utaona hospitali! Huko kwenu mnabahatisha tu."

Huko kwenu! Mtu aliyezaliwa na kukulia Moshi.

Ghorofa walimoishi, mtaa wa Granville, haikuwa na lifti. Kimaro alilibeba sanduku langu kwa mbwembwe, kisha katikati ya ngazi akasimama dirishani, eti anatazama mandhari. Nje palikuwa na ukuta wa gereji. Jasho lilimtiririka, licha ya baridi ile.

"Kifua kinabana?" nikamuuliza.

"Gesi tu."

"Kapime, shemeji. Kesho."

"Wewe umekuja kutembea. Mimi nikiumwa nina Wazungu wangu."

Mkutanoni, profesa mmoja aliuzungumzia moyo kana kwamba hauna mwenyewe. Wakati wa chai akaniuliza kama kwetu kuna umeme. Nikamjibu kwamba upo, na wagonjwa wapo pia.

Jumapili tulikwenda Mount Druitt, pembeni mwa jiji, kwa familia ya Warundi wanaosali na Neema. Baada ya chakula Kimaro akawa anawasimulia jinsi madaktari wa nyumbani wanavyoua watu. Katikati ya neno akanyamaza. Uso ukawa wa kijivu, mkono umeng'ang'ania kifua.

"Dokta, huyu mutu anakufa!" mwenyeji wetu akapiga kelele.

"Gesi..." Kimaro akanong'ona.

"Nyamaza utafune hii," nikamwambia, nikimtia aspirini mdomoni, huku mwenyeji akipiga simu ya ambulensi. Nilimshika mshipa wa mkono, na dharau yote ikaniishia. Nilimwona Neema amepiga magoti sakafuni, nikaogopa kumrudisha nyumbani akiwa mjane.

Hospitalini waliuzibua mshipa wa moyo wake alasiri ileile. Siku ya pili Kimaro alikuwa ameegemea mito, akiwaambia wageni: "Yule Mzungu ameniokoa!" Neema akainamisha kichwa. Mimi nikacheka.

Nilipokwenda kuaga, alingoja mkewe atoke nje.

"Shemeji, mama yangu kule Moshi anahema sana. Miguu inavimba. Utamtazama?"

"Mimi? Wa kubahatisha?"

"Nisamehe. Sina mwingine."

Niliporudi nilipanda basi hadi Moshi. Nilimsikiliza bibi yule kifua, nikamweleza kwamba moyo wake umechoka lakini dawa zitausaidia. Alikuwa na vidonge vya daktari wa wilaya, dawa zilezile hasa nilizomletea, vimekaa kabatini bila kuguswa. Vyangu alivipokea kwa mikono miwili. Kisha akawaita majirani.

"Njooni mumwone daktari aliyeletwa na mwanangu kutoka Australia!"

Nilisafiri mbali kujifunza jambo hilo moja. Sikumsahihisha. Nilimmiminia maji, nikamtazama akimeza.