Hodi ya Tatu

Mtihani wa kuingilia shule ya sheria haukuulizi sheria hata moja. Hilo ndilo lililonichosha mwanzo. Nilidhani nitakariri vifungu na kesi, kama tulivyokariri kila kitu tulipokuwa shule Mombasa. Kumbe unapewa aya fupi, unaambiwa uikubali kama ilivyo, kisha uchague jibu ambalo lazima liwe kweli. Basi. Wanataka kuona unavyofikiri, na kufikiri kwangu kulikuwa kumeshaharibiwa na kazi.

Kazi yangu ni kumsaidia shangazi hapa Guangzhou. Wafanyabiashara wanakuja kutoka Mombasa, Nairobi na Kongo kununua mali. Sisi tunawapokea uwanja wa ndege wa Baiyun, tunawazungusha masokoni, tunawakusanyia mizigo mpaka ijaze kontena, kisha tunaifuatilia hadi ipakiwe bandari ya Huangpu. Kazi hiyo imenifundisha jambo moja: muuzaji akikwambia neno, usilikubali. Akisema ngozi, kwaruza kwa kucha. Akisema kesho, jua ni wiki ijayo.

Sasa mtu kama huyo mpe swali hili. Viatu vyote vya duka fulani ni vya ngozi. Mteja amenunua viatu katika duka hilo. Lipi lazima liwe kweli? Jibu ni kwamba mteja amenunua viatu vya ngozi, mtoto mdogo angelipata. Mimi nilichagua kwamba haiwezekani kujua. Nilikosa hilo, nikakosa lingine la namna hiyo, na lingine. Nilipomsomea shangazi lile la viatu alicheka mpaka akajishika ubavu.

"Alotunga hilo hajapata kununua kiatu huku," alisema.

Sheria niliitaka kwa hasira. Mteja wetu mmoja aliagiza vigae vya aina moja, kontena likafika kwao na vya aina nyingine kabisa. Tulikwenda kiwandani, mimi na shangazi. Yule laoban, mwenye kiwanda, alitoa mkataba akaweka kidole kwenye mstari mmoja, na kila tulichosema alijibu meiyou, hakuna. Kurudisha hakuna, kubadilisha hakuna. Shangazi alifoka mpaka sauti ikamkauka, na mimi nilikuwa natafsiri kelele. Siku ile niliona haya, na haya ile haijanitoka. Nikaapa kwamba iko siku nitausoma mstari kama ule kabla mtu hajatia sahihi.

Basi nikaanza kuomba nafasi katika shule za ng'ambo, na kuomba kwenyewe ni kazi juu ya kazi. Kila shule inataka insha. Tueleze kikwazo ulichokishinda. Kikwazo gani nimekishinda mimi? Vyote vilikuwa bado vipo, nikiamka navikuta. Niliandika habari za vigae, nikafuta, nikaandika habari za marehemu baba, nikafuta kwa aibu. Mhadhiri wangu wa zamani, nilipomwomba barua ya kunipendekeza, alijibu kwa upole nimkumbushe mimi nilikuwa yupi. Mazoezi niliyafanya ndani ya metro nikienda Baiyun kupokea wageni, na mara nyingi nilisinzia kabla ya swali kuisha. Nilichoka uchovu ambao kulala hakuuondoi.

Mtihani hufanywa nyumbani, kwa kompyuta, na msimamizi anakutazama kupitia kamera. Sharti uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, wala usitamke neno. Ukitamka, unasimamishwa. Kwa watu wengine hilo ni jambo dogo. Lakini nyumba yetu iko Xiaobei, juu ya mtaa wa Dengfeng, na sebule yake ndiyo ofisi, ndiyo stoo ya sampuli, ndiyo baraza. Wateja hupanda muda wowote. Msimamizi aliponiamuru nizungushe kamera aone chumba kizima, aliona katoni za nywele za bandia, vyerehani viwili na rundo la masufuria, akauliza kama naishi dukani.

Shangazi siku hiyo alikuwa Huangpu. Alikuwa amewatumia wateja wote ujumbe kwamba leo asije mtu. Sehemu ya kwanza niliipita vizuri, nikaamini kila nilichoambiwa. Katikati ya sehemu ya pili nikasikia sauti mlangoni.

"Odi!"

Nilimjua papo hapo. Ni mama mmoja wa Lubumbashi, mteja wetu wa siku nyingi, mtu mzima mwenye magoti mabovu. Alikuwa ametoka uwanja wa ndege moja kwa moja, hajanunua laini ya simu ya huku, na ule ujumbe hakuupata. Lifti ilikuwa mbovu wiki nzima. Nilikaza macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Odi apa! Ma fille, mtoto yangu, ni miye. Niko nachoka sana."

Nikasikia mabegi yakitua sakafuni. Kwetu pwani mgeni hubisha hodi mara tatu. Ya tatu ikipita bila jibu, hugeuka akaenda zake, na aliyekuwa ndani akanyamaza hilo atalibeba mwenyewe. Nimelelewa hivyo na shangazi huyu huyu. Nilijua sheria ya mtihani, niliijua vizuri sana. Nilijua pia ngazi alizopanda yule mama.

"Odi," akasema mara ya tatu, kwa sauti ya chini ya mtu anayeinama kuokota mzigo wake.

"Karibu, mama," nikasema.

Mtihani ukafungwa. Msimamizi aliniandikia kwamba nimezungumza na mtu, akanitakia siku njema. Nilimfungulia mama, nikampokea mabegi, nikamwekea chai, kisha nikaenda bafuni kulia. Aliponiona macho aliuliza, nikamweleza, naye akaanza kulia kuliko mimi. "Ni miye nimekuharibia, mon Dieu, ni miye." Ikabidi nimbembeleze, nami sina hata nguvu za kujibembeleza mwenyewe.

Shangazi aliporudi nilitaka anigombeze, angalau nipate wa kumkasirikia. Aliuliza swali moja tu.

"Uliitika hodi ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Basi ungefanyaje, mwanangu," akasema, akaenda kuvua viatu.

Waliniruhusu kuurudia mtihani kipindi kilichofuata, ambacho ndicho cha mwisho shule zangu zingekipokea kwa mwaka ule. Nami nilikuwa nimeshajiambia kwamba mwaka mwingine hakuna. Nimepita thelathini, magoti yangu yanaanza kuimba kama ya yule mama, na kila msimu niliobaki ulinifanya niwe mtu wa kubaki. Hii ikiharibika, naachana na habari za sheria, naendelea na makontena. Nilifikiria kwenda hoteli, lakini mtandao wa hoteli niliyoijaribu ulikatika katikati ya mazoezi. Shangazi akasema tusihangaike.

"Atakayetaka kubisha hodi atanipita mimi kwanza."

Asubuhi ya mtihani aliamka kabla yangu. Aliondoa katoni na masufuria, akafuta meza, akaniwekea maji. Kisha akachukua kiti cha plastiki, akatoka nacho akakiweka nje ya mlango, akaketi. Nilipofunga mlango niliuona mgongo wake, mpana, na leso begani. Sikumwambia hata ahsante. Nilikuwa na hofu, na hofu hunifanya niwe na kiburi.

Mara moja tu nilisikia kitu. Mkenya mmoja muuza simu alipanda ngazi kwa kishindo.

"Auntie, form ni gani? Laoban ameleta mzigo."

"Shhh! Shuka taratibu. Mtoto ana mtihani."

Mtoto! Nilikaribia kucheka mbele ya kamera. Baada ya hapo kimya kikatanda, kimya ambacho sijapata kukisikia katika nyumba ile, nami nikasoma swali baada ya swali na kulikubali kila moja kama lilivyo. Viatu vyote ni vya ngozi. Sawa, ni vya ngozi. Nilimaliza nikiwa nimechoka mpaka vidole, nikabonyeza kitufe cha mwisho, nikainuka.

Nilipofungua mlango nilimkuta ameegemea ukuta, leso imelowa jasho, mikono inatetemeka juu ya mapaja. Shangazi ana kisukari. Akishadunga sindano ya asubuhi lazima ale, na asubuhi ile, kwa haraka ya kunipangia meza, alidunga akasahau kula. Chapati yake ilikuwa jikoni, imefunikwa. Mkoba wake wenye peremende na simu ulikuwa umening'inia nyuma ya mlango, upande wangu. Jirani wote walikuwa wameshateremka madukani.

"Umemaliza?" aliniuliza, ulimi mzito.

Nilimnywesha maji ya sukari nikiwa nimepiga magoti pale kwenye ngazi, mengine yakimwagikia leso. Aliporudiwa na rangi yake nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Nilikaa kando yake sakafuni, na tulikaa hivyo mpaka yule muuza simu akapanda tena, akatukuta, akatusaidia kuingia ndani.

Alama zangu hazikuwa za kujivunia, wala si za kutia aibu. Shule zilianza kujibu, moja baada ya nyingine, kila moja ikinishukuru kwa kuomba, na mimi nikajifunza kuzifahamu kwa sentensi ya kwanza nisisome iliyobaki. Kisha moja ikanikubali. Barua hiyo niliisoma mara nyingi nikiikwaruza kwa kucha, kama mali ya sokoni. Ilikuwa mchana, tunakula. Nilimtafsiria shangazi, naye akauliza kama huko kuna baridi, na nani atanipikia, na kama nitapata samaki. Kisha akaniongezea wali bila kuniuliza.

Nilikuwa nimelibeba swali langu miezi yote ile. Nilimtazama akitoa miba kwenye kipande cha samaki na kukiweka kwenye sahani yangu, kama vile kweli bado ni mtoto.

"Shangazi, siku ile ya mtihani. Ulikuwa mlangoni hapo. Mbona hukubisha hodi?"

Hakuinua macho.

"Ungeitika," akasema.