Kuhesabu Pumzi za Mbwa wa Ulinzi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kitengela, sikupewa fagio wala ndoo. Nilipewa kiti. Msimamizi wa vibanda vya mbwa, askari mstaafu tuliyemwita Sajenti, alinikalisha mbele ya mbwa aliyelala. "Mama Mueni, hesabu vile kifua kinapanda na kushuka. Kupanda na kushuka ni moja. Dakika nzima."

Nilipata kumi na nane.

"Hiyo ni sawa," akasema. "Mbwa mzima akitulia hapiti thelathini hivi. Akipita na amelala kivulini, uliza kwa nini. Usingoje akohoe."

Kampuni yetu ilikodisha mbwa kwa wenye machimbo ya mawe na magodauni ya barabara ya Namanga. Niliwalisha, nikawaosha, na kila asubuhi nikaandika pumzi zao daftarini. Sajenti alinifunza kwamba kuhema si ugonjwa. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Akitoka juani hutoa ulimi nje, akahema upesi, kisha akipata maji na kivuli anatulia. Wa kuogopewa ni yule anayehema bila sababu, anayesukuma pumzi kwa tumbo, anayenyoosha shingo na kupanua viwiko, anayekataa kulala kwa sababu akilala anakosa hewa. Fizi zikigeuka kijivu au samawati, huyo ni wa daktari saa hiyohiyo.

Sajenti alipoondoka tuliletewa meneja wa ofisini, kijana nadhifu asiyependa kufika vibandani. Wakati huo tulikuwa na jike mmoja wa rangi ya kahawia, Shaba, aliyelinda machimbo pamoja na soja aitwaye Mutiso. Asubuhi moja nilimhesabu akiwa usingizini nikapata arobaini na sita. Nikarudia. Arobaini na nane. Nikaenda ofisini.

"Ni vumbi ya machimbo," meneja akasema bila kuinua macho. "Mbwa zote za huko zinahema."

"Huyu hahemi. Amefunga mdomo, na amelala."

"Mama, niko na kandarasi. Mpakie."

Nikampakia. Nilimwinua kwa mikono yangu mwenyewe hadi nyuma ya pikapu, kwa kuwa hakukubali kushikwa na mwingine.

Saa nane mchana Mutiso alinipigia simu. "Mama, Shaba amekaa tu, amenyoosha shingo. Ulimi imekuwa zambarau."

"Mpeleke kwa daktari. Usiombe ruhusa ya mtu."

Alimbeba kwa bodaboda, amemkumbatia kifuani. Walipofika, Shaba alikuwa ameshakufa. Daktari alikuta maji yamejaa kifuani. "Hii haikuanza leo," akasema. Mutiso hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Kajiado, chini ya mkuu wa tawi aliyekuwa mwanamke mkali, mchapakazi. Hapo nilimkuta dume aliyepumua mara arobaini na mbili akiwa amelala, tumbo likifanya kazi ya kifua. Gari lilikuwa linangoja.

"Nani amekupa mamlaka ya kuzuia mbwa?" mkuu akauliza.

"Hakuna, madam. Lakini huyu hapandi gari."

Nilikaa mlangoni mwa kibanda mpaka daktari wa mifugo akafika, kijana wa Kimaasai. "Sopa, yeyo," akanisalimu, kama anavyomsalimu mama yake. Akamsikiliza mbwa kifuani, upande huu na ule. Nimonia. Alidungwa sindano siku kadhaa, akameza vidonge kwa majuma, akapona. Mimi nikapata barua ya onyo kwa kukaidi amri.

Sasa nimestaafu. Magoti yamechoka, na si magoti peke yake. Majirani huniletea mbwa wao nao hukasirika nikiwaambia tukae kwanza, tusubiri alale. Wanataka dawa haraka. Siwezi tena kubishana na watu.

Nyinyi mnaoanza kazi hii, jueni kwamba mkubwa wenu atamwona mbwa akisimama getini. Nyinyi ndio mtakaomwona amelala. Barua ile ya Kajiado bado ninayo sandukuni, na wala hainiumi. Kwa habari ya Shaba nilitii, na hakuna aliyewahi kuniandikia onyo.