Siku Koko Nashipae Alipotangulia Kupimwa

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa nimempeleka dada yako Nekesa kliniki kwa sababu ya kikohozi, nikarudi na wasiwasi wangu mwenyewe.

Nilikuwa bado mke mchanga. Mimi na baba yako, Wafula, tulitoka Bungoma tukafuata kazi yake ya kiwandani Athi River, tukapanga hapa Kitengela, kando ya boma la Koko Nashipae. Koko ni nyanya kwa Kimaasai, na ingawa alikuwa na wajukuu wake, nami aliniweka humo humo. Mama yangu alikuwa mbali, basi nikikwama namkimbilia yeye.

Kliniki yenyewe ilikuwa ndogo, nyuma ya duka la dawa za mifugo, lakini Daktari Muthoni alitujua sote kwa majina. Alipomaliza kumsikiliza Nekesa kifua, alinigeukia.

"Na wewe Mama Nekesa, umewahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi?"

"Bado, daktari. Lakini niko sawa."

Aliniambia niende hospitali Kajiado nipimwe. Nikaitikia, na moyoni nilijua siendi. Ugonjwa huo ndio uliomzika dada yangu Nafula. Alifika hospitali damu imekataa kukoma, madaktari wakabaki kumtuliza maumivu tu. Tangu hapo, kupimwa niliona ni kama kwenda kuuliza utakufa lini.

Daktari alitusindikiza hadi pale kina mama walipokuwa wakingojea. Akasimama mlangoni akasema kwa upole, "Kina mama, nimewatuma wengi Kajiado na hakuna anayeenda. Niambieni ukweli, shida ni nini?"

Kila mtu akaanza kumtengeneza mtoto wake nguo. Koko Nashipae, aliyekuja kuchukua dawa ya presha, ndiye aliyejibu.

"Daktari, magoti yangu unayatibu wewe. Wajukuu wangu unawachanja wewe. Sasa hii, mahali hata bwanangu hataji, nikaonyeshe mtu simjui? Na nipange laini tangu asubuhi? Hapana. Kama ni kitu kizuri, lete hapa."

Wengine wangekasirika. Daktari Muthoni aliketi kwenye benchi katikati yetu akatueleza. Anapaka siki kidogo kwa pamba, anaangalia kama kuna mahali panageuka peupe, dakika chache mwisho. Ugonjwa huu, alisema, huchukua miaka kujijenga, na ukiupata mapema unautibu kabla haujawa saratani. Niliyasikia hayo nikamfikiria Nafula. Hakuna aliyewahi kutuambia.

Miezi michache baadaye yeye na nesi wake walikuwa wamesomea kazi hiyo, wakaweka kitanda na pazia zito. Tangu hapo mama yeyote aliyekuja, hata kama ni kwa sababu ya homa ya mtoto, aliulizwa, na akikubali anapimwa hapo hapo, bila kuambiwa arudi siku nyingine.

Koko alinikuta nafua nguo. "Twende."

"Koko, naogopa. Wakipata kitu je?"

Alinitazama mpaka nikaacha kusugua. "Kupimwa hakukumuua dada yako. Kuchelewa ndiko kulimuua. Unataka watoto wako waje kuniuliza mimi mama yao alienda wapi? Vaa viatu."

Hakuwahi kunisemesha hivyo. Nikavaa viatu.

Aliingia yeye kwanza ili nimwone akitoka. Akatoka akifunga shuka yake vizuri. "Ni hiyo tu? Mimi nimezaa watoto saba!" Chumba kizima kikaangua kicheko, hata mimi.

Zamu yangu ikafika. Daktari aliangalia, akaniambia. "Mama Nekesa, naona kidoa cheupe. Sioni saratani. Ni mahali pameanza kubadilika, na tunaweza kupagandisha kwa baridi kali tupamalize."

Nililia. Nilimwomba amweleze Wafula yeye mwenyewe, kwa sababu mimi nilijua nitalia tena. Wafula alikuja kutoka kazini na vumbi la saruji kwenye nyusi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Atapona, daktari?"

"Baba Nekesa, hata hajaanza kuugua. Ndiyo maana unaniona nina furaha."

Nilitibiwa kesho yake. Tumbo lilinikaza kama siku za mwezi, nikapumzika siku kadhaa, na Wafula akawa anachota maji bila kujali majirani wanasema nini. Nilipopimwa tena mwaka uliofuata, palikuwa safi. Baadaye nikamzaa mdogo wako, yule unayefanana naye.

Koko hakuishia hapo. Kanisani alisimama wakati wa matangazo akawaambia wanawake waziwazi alichofanyiwa na jinsi kisivyouma. Wakaanza kuja, wengine kwa boda boda kutoka Isinya. Waliokataa, daktari hakuwafokea. Aliwauliza tena safari nyingine, na nyingine, na wengi mwishowe walikubali.

Sasa wewe umehamia Matasia, unaanza nyumba yako. Mwanangu, kabla hujaugua, tafuta daktari wa karibu atakayekujua wewe na watu wako. Akikuuliza kama umepimwa, usimjibu haraka kama mimi. Siku hizi kuna hata kipimo ambacho unajichukulia mwenyewe nyuma ya pazia, kwa hivyo aibu isikushinde. Ukiambiwa urudi, rudi. Binti yako akifika miaka kumi, apate chanjo ya kuzuia ugonjwa huu. Mumeo mweleze mapema, maana mwanamume akielezwa vizuri husaidia, na Wafula alinisaidia. Na ukimwona rafiki yako anaogopa, mshike mkono, uingie kwanza.

Mungu akupe mwili wenye nguvu na nyumba yenye vicheko. Akupe watoto watakaokuona ukizeeka, nawe uwaone wakiota mvi. Wamaasai wakibarikiwa hivyo huitikia Naai, yaani Mungu na asikie. Nawe mwanangu, itikia.